Kumpimia mtoto muda wa simu, au kuifungia kabatini?

Nyumbani tumejaribu njia zote mbili. Kupima muda kunaendana na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019: mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Tabu ni ule ugomvi wa kila jioni: "Mama, katuni hii tu iishe!"

Kuifungia kabatini siku za shule kulileta kilio siku tatu. Ya nne, binti yangu alikunja soksi kuukuu zikawa mpira, akaita wenzake, wakacheza rede uani mpaka magharibi. Kwa wadogo nachagua kabati. Mkubwa anayesomea mtandaoni apimiwe muda, ila simu isilale chumbani kwake.