Ringi ya giaboksi ya planetari kwenye kinu cha mawese: uzoefu wangu, Mwandiga

Nina kinu kidogo cha kukamua mawese hapa Mwandiga, nje kidogo ya Kigoma mjini. Ninachokipima leo si giaboksi nzima, ile inayopunguza kasi ya mota, ni ringi yake: ile pete ya chuma yenye meno kwa ndani ambamo gia ndogo tatu huizunguka gia ya kati. Nimetumia ringi iliyokuja na giaboksi ikiwa mpya, na sasa natumia nyingine niliyoagiza kando. Tofauti yake ni kubwa kuliko nilivyotegemea.

Kwanza kwa nini planetari. Wenzangu wengi wanafunga difu ya gari kuukuu na puli kubwa, na sibishi, inakamua. Ila inakula nafasi na mikanda haiishi kuteleza. Giaboksi ya womu nayo, ile yenye skrubu inayosukuma gia ya shaba, inachemka na sehemu isiyo ndogo ya umeme wako inaishia kwenye joto. Planetari ni fupi, inakaa mstari mmoja na mota, na haipotezi nguvu nyingi. Kwa bili ya umeme, mimi hapo nimeshamaliza mjadala.

Yangu ina hatua mbili na mota ya kilowati 4 inayozunguka kama mara 1,450 kwa dakika. Kila hatua ina gia ya kati yenye meno 18 na ringi yenye meno 72. Hesabu yake ni rahisi: ringi imefungwa haizunguki, kwa hiyo gawa 72 kwa 18 upate 4, ongeza 1. Gia ya kati izunguke mara 5, kile kibebeo cha gia ndogo kizunguke mara 1. Hatua mbili zinakupa 25, na skrubu ya kinu inabaki na mizunguko 58 kwa dakika. Msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, unaotoka kwenye mota ni kama Nm (newtonimita) 26. Unaofika kwenye skrubu unapita 600.

Sasa ringi, kwa kuwa imetulia, watu huichukulia kama kasha tu. Sivyo. Kwenye hatua kama hii yangu, inabidi izuie msokoto ulio sawa na sehemu nne kwa tano za ule unaotoka. Ringi ikilegea au meno yakiisha, hata ununue mota ya namna gani, skrubu itakusimamia tu na ngazi zako, yaani matunda ya mchikichi, ndani. Na ngazi za huku nyingi bado ni dura, aina yenye kokwa nene na ngumu. Tenera, aina ya kokwa nyembamba kutoka kituo cha utafiti cha Kihinga, zinaongezeka, lakini akina mama wa Simbo wakileta mzigo hawachagui, vyote vimo kwenye gunia moja. Ukikaza koni ya kutolea makapi ili mafuta yatoke vizuri, mzigo unaruka ghafla, na anayepokea kishindo ni ringi.

Ile ya kwanza haikumaliza hata msimu wa pili. Ilianza na mlio wa kukwaruza, kisha nikishika shafti ya kutokea kwa mkono inacheza kabla meno hayajakutana. Kwenye kile kizibo cha sumaku cha kumwagia oili kulikuwa na tope la chuma, laini, la kijivu. Tulipofungua tukakuta meno ya ringi ya hatua ya pili yamechimbika vishimo upande mmoja, na gia ndogo ziko salama kabisa. Fundi akachukua tupa, akaipitisha taratibu kwenye ncha ya jino.

"Mzee, sikiliza," akasema. "Hii inalika kama nondo."

Ringi kuwa laini kuliko gia ndogo ni kawaida, tusimwonee muuzaji kwa hilo. Jino la ndani limebonyea na linalikumbatia jino la gia ndogo, hivyo mgandamizo unatawanyika. Lakini ule haukuwa ulaini wa kawaida. Ringi nzuri ya chuma cha daraja la 42CrMo4 hukomazwa kwa naitrojeni kwenye joto la nyuzi 500 na kidogo. Juu ya uso wa jino linabaki gamba jembamba, halifiki hata milimita 1, ila tupa inateleza juu yake bila kuuma. Njia ya kukomaza kwa kaboni inayotumika kwenye gia ndogo inapita nyuzi 900, halafu chuma kinatumbukizwa kwenye oili. Pete nyembamba ukiifanyia hivyo inaweza kupinda isirudi kuwa duara. Ndiyo maana ukimuuliza muuzaji ringi yake imekomazwaje akakujibu "ni ngumu tu bosi, usiwe na wasiwasi," ujue hajui anachouza.

Ya pili niliagiza Gerezani, Dar es Salaam, ikaja kwa basi. Kabla ya kutuma hela nilihesabu meno ya ringi ya zamani na kupima kwa kalipa kutoka ncha ya jino hadi ncha ya jino linaloelekeana nalo: milimita 140. Gawa kwa 70, yaani meno 72 toa 2, unapata moduli 2, ndicho kipimo cha ukubwa wa jino. Nikapima na upana wa jino, nikatuma picha ya matundu ya boliti ikiwa na rula pembeni. Hili liliwezekana kwa sababu ringi yangu ni kipande chake, imebanwa katikati ya flenji mbili. Zipo giaboksi ambazo meno yamechongwa ndani ya kasha lenyewe. Zinavutia, hazina maungio ya kuvuja oili, lakini jino likiisha unanunua kasha zima. Kwa mtu wa Kigoma hizo sizipendekezi.

Ilipofika, tupa iliteleza. Tulipaka rangi ya bluu kwenye gia ndogo, tukazungusha kwa mkono, na alama ikatokea karibu upana wote wa jino, yaani meno yanakutana vizuri. Kelele imebaki mvumo mmoja usiopanda wala kushuka, na oili ya VG 220 (namba ya uzito wa oili) niliyomwaga mara ya kwanza ilikuwa na vumbi kidogo tu. Bei ilikuwa chini ya robo ya giaboksi mpya.

Naipa nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu matundu mawili ya pini za kushikia yalikuja madogo, ikabidi fundi ayapanue kwa rima, na muuzaji hakuweka oringi, zile pete za mpira za kuzuia oili kuvuja, wala kusema kwamba zinanunuliwa kando.