Kituo kidogo cha afya Katuba: wanahesabu pumzi kabla ya kuandika dawa

"Mama, mlaze mtoto, mfunue kifua, usimnyonyeshe kwanza." Kisha muuguzi akashika saa yake, akatazama tumbo la mwanangu likipanda na kushuka, dakika nzima, bila kuongea. Pumzi 44.

Ilikuwa mwezi wa 6, baridi kali ya asubuhi hapa Lubumbashi, vumbi kila mahali. Mtoto wangu wa miezi 7 alikuwa amekohoa usiku kucha. Nilianzia kwenye duka la dawa karibu na nyumbani. Wakaniuzia chupa ya antibiotiki bila hata kumvua mtoto shati. Muuguzi aliiweka pembeni. Alinieleza polepole kwamba mafua mengi ya watoto yanaletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Kwa umri wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ndizo za hatari. Kuanzia mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5, ni 40. Akaangalia kama kifua kinabonyea chini ya mbavu mtoto anapovuta pumzi. Hakibonyei. Hapo ndipo nami nilipopumua.

Muuguzi huyu ana daftari lake ambalo sijaliona kwingine: kila mwezi, watoto wangapi wamekuja na kikohozi. Mabenchi yake hujaa kwenye baridi ya mwezi wa 6 na wa 7, tena mvua zinapoanza, tunapojifungia chumba kimoja na moshi wa mbabula, jiko la makaa. Alisema Ulaya virusi vya RSV, vile vinavyobana vifua vya wachanga, huja na majira ya baridi. Katika nchi za joto, mara nyingi virusi hivyo hufuatana na mvua. Kwa hiyo mwezi wa 10, mvua zikikaribia, siku ya kupima uzito, anawafundisha akina mama kuhesabu pumzi. Sasa nahesabu mwenyewe kwa simu.

Kitu kimoja kinaniumiza: siku ya chanjo, watoto wa wiki 6 wanakaa benchi moja na wanaokohoa, madirisha yamefungwa. Nyuma kuna baraza zuri. Wanaokohoa wangojee pale, tafadhali.

Nililipa faranga 5,000 za fishi (kadi ya mgonjwa), na dawa ya homa na maji ya chumvi ya pua. Baada ya siku mbili nikarudi, sikulipishwa tena: pumzi 36, ananyonya vizuri. Fikeni kabla ya saa mbili asubuhi. Saa nne mstari unafika barabarani.