Nimelipia programu, kisha wakanifungia adungu yangu

Mtu wa huduma kwa wateja ameniandikia kwamba wanawashauri watumiaji wa eneo langu wapate programu yao kwa njia halali. Eneo langu! Programu nimeinunua kwao, kwenye tovuti yao, kwa kadi ya mtandaoni niliyoijaza kwa pesa za simu kama tunavyofanya wengi hapa Arua, Uganda. Pesa waliipokea siku ile ile, na hakuna aliyeniuliza natoka eneo gani.

Ni moja ya zile programu za kujitengenezea sintesaiza, yaani chombo cha muziki kinachozalisha sauti kwa umeme. Unapewa visanduku: kimoja kinatoa wimbi la sauti, kingine kinachuja, kingine kinachelewesha, nawe unaviunganisha kwa nyaya za kuchora mpaka chombo kizaliwe. Jina lake silitaji. Mimi nilitengeneza adungu, kinubi cha Waalur, kwa sababu kwenye maktaba za sauti zinazouzwa nilikuta piano na magitaa ya kila namna, lakini adungu nilizozipata zilikuwa nota chache zilizorekodiwa ovyo.

Njia yenyewe si siri. Kevin Karplus na Alex Strong waliichapisha mwaka 1983. Unaingiza mlipuko mfupi wa kelele kwenye kichelewesho, unairudisha mwanzoni tena na tena, na kila ikizunguka unaipunguza ukali kwa kuchukua wastani wa sampuli mbili zinazofuatana, yaani vile vipimo vidogo vidogo ambavyo kompyuta hugawia sauti. Kelele inageuka uzi uliocharazwa, na urefu wa kichelewesho ndio unaoamua nota: kikiwa kifupi, nota inapanda. Ukisikia mara ya kwanza unashtuka. Kilichonila miezi ni tumbo la chombo: ule mti uliochongwa, na ngozi iliyowambwa juu yake, vinavyofanya uzi mnene uvume mpaka kifuani. Nilipanga vichujio kimoja baada ya kingine huku nikisikiliza adungu ya besi ya kwaya ya kanisa letu, hadi siku mpigaji wao mwenyewe aliposikiliza akasema hii ni ya kwetu.

Halafu umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, diski ikaungua. Fundi akaweka nyingine. Kazi yangu ilikuwa salama kwenye flashi, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi wowote. Nafungua programu, inaniambia kompyuta hii ni ngeni, idadi ya mashine ninazoruhusiwa imekwisha, na leseni ya zamani niifute kwanza nikiwa ndani ya mashine ile ya zamani. Ndani ya diski iliyoungua! Na faili la adungu ni la muundo wao peke yao, hakuna programu nyingine inayolisoma. Kazi ni yangu, sikio ni langu, mlango ni wao.

Nikawaandikia kwa adabu. Jibu la kwanza lilikuwa la mashine. La pili wakataka picha ya kadi niliyolipia, mbele na nyuma. Kadi hiyo haina mbele wala nyuma, ni tarakimu ndani ya simu. Nikaeleza. Nikatuma ujumbe wa malipo, namba ya muamala, na hata barua yao wenyewe ya kunishukuru kwa kununua. Ndipo likaja lile la njia halali, na chini yake wakanitakia siku njema. Kuitwa mwizi na mtu uliyemlipa kunauma kuliko kuibiwa.

Wakati huo mzee wa kwaya anapiga simu: "Mwanangu, Jumamosi tunarekodi. Mpigaji wetu wa besi amesafiri, ile yako iko wapi?" Ningemjibu nini mzee wa watu? Kwamba imefungiwa ng'ambo?

Nikahamia Pure Data, programu nyingine ya kuunganisha visanduku, ya Miller Puckette, ambayo ni ya bure tangu miaka ya 1990. Haina urembo wowote: ukurasa mweupe, visanduku vya maandishi, mistari myembamba. Lakini faili lake ni maandishi matupu. Nalifungua kwa programu yoyote ya kuandikia, nalisoma mstari kwa mstari, nalituma kwa WhatsApp kwa data kidogo sana, na hakuna wa kuniomba kadi. Kwa hilo tu naipa nyota tano.

Ila nayo ilinitesa. Nyuzi nene zilitoka vizuri, nyembamba zikagoma kupanda. Pure Data hukokotoa sauti kwa mafungu ya sampuli 64, na sauti ikiwa inazunguka kurudi mwanzoni, kichelewesho hakiwezi kuwa kifupi kuliko fungu moja. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, hiyo ni kama milisekunde 1.45, yaani ukikaribia hezi 689 (mitetemo 689 kwa sekunde) uzi unagonga dari. Dawa ni kuutia mzunguko wote ndani ya kisanduku chake na kuandika humo block~ 1, ili ikokotoe sampuli moja moja. Kompyuta inahema, uzi unapanda. Lakini ile programu ya kulipia ilikuwa ikifanya hivyo bila kuniambia, na sikuwahi hata kujua kwamba kuna tatizo la namna hiyo. Wahandisi wao ni hodari, lazima niseme. Hilo ndilo linaloniongezea uchungu.

Jumamosi besi ilikuwepo, maana nyuzi za besi ziko chini kabisa ya hiyo dari. Kwaya iliimba, mzee akaridhika.

Baada ya wiki kadhaa mtu mwingine wa kampuni ile alinifungulia leseni kwa sentensi moja, bila samahani. Nilikuwa nimeapa kutoa sifuri. Nikacharaza uzi wa kwanza, na ilikuwa adungu yangu, tumbo na ngozi na yote. Ile ya Pure Data bado haijaifikia kwenye mvumo wa chini. Nikaandika nyota tatu. Kisha nikaisoma tena ile barua ya njia halali, nikazifuta. Nyota moja, na hiyo ni ya aliyetengeneza kichelewesho kile, si ya wanaojibu barua.

Ukitaka kununua programu yoyote ya aina hii ukiwa Arua, Gulu au Mbale, waandikie kabla ya kulipa: diski yangu ikiungua, leseni naifutaje? Jibu lao lihifadhi. Wasipojibu, chukua plugdata, nayo ni ya bure, inafungua faili za Pure Data ndani ya programu yako ya kurekodia. Adungu yangu iko tayari kwa hiyo. Anayeitaka aseme, nitamtumia.