Benchi la fito la mtindo wa miaka ya 1950: mbao za kuchagua Arusha na Moshi

Benchi hili refu na la chini, lenye fito zilizopangwa kwa kuachiana nafasi, linatokana na lile alilobuni George Nelson huko Marekani mwaka 1946 na kutengenezwa na kampuni ya samani ya Herman Miller. Fito zilikuwa za mbao nyeupe ya mepo (maple), miguu ikatiwa weusi. Hukaliwa, huwekewa vitu kama meza, hata hubeba makabati. Halina nakshi wala kitambaa. Uzuri wake wote ni mistari iliyonyooka, hivyo ufito mmoja ukipinda tu, jicho linauona kwanza.

Umbo lake linazifaa sana mbao zetu zisizopita kwenye tanuri la kukaushia. Mbao ikikauka husinyaa zaidi kwa upana, si kwa urefu. Ubao mmoja wa sentimita 45 ukisinyaa asilimia 3 hupoteza zaidi ya milimita 13: utapasuka au kulegeza skrubu. Ufito wa sentimita 3 haupotezi hata milimita moja.

Kwa ndani ya nyumba, namba moja ni mninga. Ukishakauka hauchezi sana, iwe masika ya Arusha au joto la Januari la Moshi. Kataa fito zenye sehemu nyeupe ya nje ya gogo, maana bungua, mdudu atobaye mbao, huanzia hapo. Nunua kwa mwenye risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu.

Msaji, yaani mtiki, ni wa pili, ila kwenye kibaraza kinachopigwa na mvua uweke wa kwanza. Una mafuta: fundi asipofuta maungio kwa thina kabla ya gundi, gundi huachia.

Saiprasi ni ya tatu, na kwa mwenye bajeti ndogo ndiyo tunayoipendekeza kwa moyo wote. Inapandwa huku huku, Meru na Kilimanjaro Magharibi. Adui yake ni fundo; likikaa katikati ya ufito, hapo ndipo patakapovunjika. Lakini saiprasi kavu ni bora kuliko mninga mbichi, tena kwa mbali. Grevilea ya mashamba ya kahawa ina madoa ya kupendeza ila hupinda upesi. Paini hubonyea, na isipotiwa dawa huliwa. Fito za MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi) achana nazo, huinama katikati.

Kabla ya kulipa, sugua msasa chini ya ufito. Vumbi likitoka kama unga, mbao ni kavu. Likigandamana kwenye msasa, bado ni mbichi. Kisha shika ncha moja ya benchi, sukuma kwa urefu. Likiyumba, miguu imepigiliwa misumari tu. Mguu unatakiwa uwe na ulimi ulioingia kwenye tundu, kwa gundi.

Ukiagiza kwa fundi, mpe vipimo: urefu sentimita 120, upana 45. Fito 11 za upana wa sentimita 3 na kimo cha 4, zikiachana sentimita 1.2, zinajaza upana huo kamili. Mataruma ya chini, yaani mbao za kukingama zinazobeba fito, yasiachane zaidi ya sentimita 60. Skrubu ziingie kutoka chini, tundu likitobolewa kwanza, la sivyo ufito utachanika. La Nelson lina kimo cha sentimita 36 hivi. Kwa nyumba yenye wazee omba 43, kwani kuinuka kutoka chini sana kunawachosha magoti.

Vanishi ipakwe na upande wa chini pia, baada ya sanding sila, mpako wa kwanza wa kuziba vinyweleo vya mbao. Upande mmoja ukiachwa mtupu hunyonya unyevu peke yake na ufito unajikunja. Ncha za miguu zinazogusa sakafu zipakwe vanishi mara tatu, maana maji ya deki hupanda kupitia hapo.