Hoteli za usanifu Copenhagen: ipi ulipie kwa mapumziko ya siku tatu

Siku hizi hoteli yoyote ya Ulaya ikining'iniza taa mbili za shaba na kupaka ukuta kijani kilichokolea inajiita hoteli ya usanifu, na bei inapanda papo hapo. Copenhagen ni mahali pazuri pa kuyapima madai hayo. Huko viti, taa na hata vitasa vya milango vina majina ya watu waliovibuni, na hoteli moja imo ndani kabisa ya historia ya kazi hiyo. Isitoshe, mji ni mdogo. Metro kutoka uwanja wa ndege wa Kastrup hadi kituo cha Kongens Nytorv ni kama robo saa, treni hadi Stesheni Kuu ni vivyo hivyo, na hoteli karibu zote nitakazozitaja zinafikika kwa miguu kutoka kimojawapo.

Kipimo changu ni kimoja: unalipia chumba, ukumbi wa mapokezi ni wa watu wote. Mtu yeyote anaweza kuingia chini, akaagiza kahawa, akakalia kiti cha bei mbaya kwa nusu saa bila kulala hapo hata usiku mmoja. Kwa hiyo hoteli ambayo fedha zake zote zimeishia ukumbini, huku vyumba vya juu ni sanduku lenye zulia la kijivu, nimeishusha au nimeiacha kabisa.

1. Radisson Collection Royal Hotel

Hii ndiyo iliyofunguliwa mwaka 1960 kwa jina la SAS Royal Hotel, jengo refu kuliko lolote lililokuwa mjini wakati huo ukiacha minara. Arne Jacobsen, msanifu wa Kidenishi, aliichora yote: kuta za kioo na alumini, mapazia, taa, vijiko na uma, vitasa, pamoja na viti vya Yai na Batamaji ambavyo leo vimeigwa hadi kwenye maduka ya samani ya Nairobi na Dar es Salaam. Vilibuniwa kwa ajili ya jengo hili. Chini palikuwa na kituo cha shirika la ndege la SAS: abiria alikamilisha taratibu zake katikati ya mji, akapanda basi moja kwa moja hadi uwanjani.

Vyumba vimebadilishwa mara kadhaa tangu hapo, na ukarabati mkubwa wa mwisho, wa mwaka 2018, ulifanywa na ofisi ya Space Copenhagen. Kimoja tu kimeachwa kama Jacobsen alivyokiacha: namba 606. Kuta zake zina mbao za wenge, mti wa rangi ya kahawa iliyoungua unaotoka misitu ya Kongo, na vitambaa vya viti ni vya kijani-buluu kilichopauka. Waulize mapokezi kama wanaweza kukuonyesha. Pakiwa hapana mgeni, kuuliza si ujinga.

Mbona basi naiweka ya kwanza, ilhali chumba chako wewe hakitakuwa 606? Kwa sababu hata chumba cha kawaida kina madirisha yaleyale ya ukuta mpaka ukuta, na viti vya Jacobsen vimo ndani ya vyumba, havikuishia chini. Na bei yake, kwa jengo la namna hii, mara nyingi iko chini ya hoteli ndogo za mtindo zilizo mtaa wa pili. Kasoro ni kwamba ni hoteli kubwa, ina vyumba zaidi ya 250, na wakati wa mikutano mapokezi hugeuka kama stendi. Unapoweka nafasi andika ombi la ghorofa ya juu. Upande unaoelekea bustani ya burudani ya Tivoli una mandhari nzuri, ila Ijumaa za kiangazi kuna matamasha ya muziki, kwa hiyo mwenye usingizi mwepesi aombe upande wa pili.

2. Hotel Sanders

Wanaosafiri wawili na wanataka kuhisi wamekaribishwa nyumbani kwa mtu mwenye fedha na macho mazuri, waende hapa. Vyumba 54 tu, nyuma ya Royal Theatre, dakika chache kwa miguu kutoka Nyhavn. Mwenye wazo hilo ni Alexander Kølpin, aliyekuwa mcheza baleti wa ukumbi huohuo wa jirani, na hoteli ilifunguliwa mwaka 2017. Kuna ukindu wa kusukwa, velveti, mbao nyeusi, taa za chini zenye mwanga wa njano. Utakuta swichi ya taa pale mkono unapoifikia ukiwa umelala. Kuna mahali pa kuning'iniza koti lililolowa. Mambo haya ni madogo, lakini hoteli nyingi za bei hii huyasahau.

Shida ni ukubwa. Vyumba vya daraja la chini kabisa ni vidogo hasa. Masanduku mawili ya kilo 23 yakifunguliwa sakafuni, hakuna pa kupita. Bei nayo si ya mchezo, mara nyingi inapita krone 3,000 kwa usiku. Krone, fedha ya Denmark, imefungamanishwa na euro, kama 7.46 kwa euro moja, kwa hiyo hapo ni zaidi ya euro 400. Kama bajeti yako inafika tu kwenye chumba kidogo kuliko vyote, nisingekushauri. Chukua chumba kizuri kwenye hoteli namba tatu hapo chini, Sanders uje kupata chakula cha jioni tu.

3. Hotel Alexandra

Hii si ya anasa kwa maana ya mtu wa kukubebea begi na maua bafuni. Lakini ukizungumzia usanifu wa Kidenishi wa miaka ya 1950 na 1960, vyumba vyake vimejaa vitu halisi vya wabunifu wa enzi hiyo: Wegner, Finn Juhl, Verner Panton. Vipo vyumba vilivyopangwa kwa mbunifu mmoja, na cha Panton, chenye rangi zake kali, hakifai kwa mtu mwenye kichwa kinachouma. Unalipa kama nusu ya Sanders na unalala katikati ya samani ambazo watu wengine hukata tiketi ya makumbusho kuzitazama.

Iko H.C. Andersens Boulevard, barabara yenye magari mengi kuliko zote mjini. Omba chumba cha nyuma. Nasisitiza hilo.

4. Nobis Hotel Copenhagen

Jengo la mwaka 1903 lililokuwa chuo cha muziki cha kifalme, likageuzwa hoteli ya vyumba 77 mwaka 2017 chini ya msanifu wa Sweden, Gert Wingårdh. Dari ni za juu, bafu ni za marumaru, kumetulia kabisa, na makumbusho ya Glyptotek ni jirani. Ni hoteli nzuri na sina la kuilaumu kwa huduma. Nimeiweka ya nne kwa sababu utulivu wake wa kijivu ungeweza kuhamishiwa Stockholm au Zürich na mgeni asigundue. Anayesafiri kikazi na kutaka chumba kipana cha kupumulia, kwake inaweza kuwa ya kwanza.

5. Villa Copenhagen

Makao makuu ya zamani ya posta, jengo la mwaka 1912, ubavuni mwa Stesheni Kuu. Vyumba 390. Ilifunguliwa mwaka 2020 na kivutio chake ni bwawa la kuogelea la juu, linalopashwa moto kwa joto linalobaki kwenye mitambo ya kupoza ya hoteli yenyewe. Ukienda na watoto, ruka zote nne zilizotangulia uje hapa: watasahau mengine yote wakishaliona bwawa. Kwa watu wazima wawili naiona kubwa mno, hasa asubuhi kwenye foleni ya mayai.

Utauliza, na hoteli ya d'Angleterre je? Ipo tangu 1755, ni ya kifahari kweli, na iko mahali pazuri kuliko zote. Ila hiyo ni hoteli ya kifalme ya mtindo wa zamani. Anayetaka vinara na fedha iliyong'arishwa aende. Hotel Ottilia, ndani ya majengo ya kiwanda cha zamani cha bia cha Carlsberg, ni nzuri kwa safari ya pili, ukishauzoea mji na huoni tabu kulala nje kidogo ya katikati.

Mambo ambayo tovuti za hoteli haziandiki

Maji chooni. Usitegemee bomba la kunawia pembeni ya choo, hata kwenye hoteli ya euro 500. Ukitaka kuwa na uhakika, waandikie kabla, la sivyo beba kikopo chako cha kukunja. Kifungua kinywa kina nyama ya nguruwe kila mahali, kwani Denmark ni nchi ya nguruwe, na mara nyingi soseji na bekoni hukaa sahani zinazogusana. Kwa asiyekula, samaki wa moshi, mayai, jibini na mikate myeusi ya nafaka ya rai vinatosha kabisa, na mikate yao ni ya kusafiria.

Kitanda cha wawili mara nyingi ni magodoro mawili yaliyosogezwa pamoja, na kila mtu ana duveti lake. Wanandoa wapya waulize mapema. Birika la umeme chumbani halipo kila hoteli. Mpenzi wa chai aulize pia. Plagi yetu ya pini tatu bapa haiingii kwenye soketi zao, beba adapta ya Ulaya. Mwezi wa Juni jua linatoka saa kumi na nusu alfajiri na kuzama karibu saa nne usiku, kwa hiyo pazia zito ni sehemu ya bei unayolipa. Desemba ni kinyume chake: saa tisa na nusu alasiri giza limeshaanza, na hapo ndipo taa nzuri ya chumbani inapoonyesha thamani yake.

Juni hiyohiyo kuna 3daysofdesign, tamasha la samani na ubunifu. Kama ndilo unaloliendea, weka nafasi miezi kadhaa kabla. Kama silo, ikwepe wiki hiyo, kwa sababu bei za hoteli hizihizi hupaa.

Unafuu mmoja wa Copenhagen ukilinganisha na Amsterdam: bei unayoonyeshwa tayari ina kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 25, na hakuna kodi ya utalii ya kila usiku juu yake. Amsterdam hutoza asilimia 12.5 ya bei ya chumba, na wengi hulikuta deni hilo siku ya kuondoka.

Kuweka nafasi ukiwa Afrika Mashariki

Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda, hoteli ni sehemu ya maombi ya viza ya Schengen. Ada ya mtu mzima ni euro 90, bima ya safari lazima ifike euro 30,000, na wanataka kuona utalala wapi kila usiku. Ndiyo maana bei ya "hairudishwi", hata ikiwa nafuu kwa asilimia 15, ni mtego mpaka viza iwe mkononi. Chukua bei inayokuruhusu kusitisha bila kukatwa. Viza ikitoka, angalia tena bei ya siku hiyo. Ikiwa imeshuka, sitisha ya kwanza na uweke upya.

Kadi pepe ya simu hufanya kazi mtandaoni, lakini mapokezi wengi watataka kadi ya plastiki yenye jina lako, na watazuia kiasi fulani cha fedha kama dhamana. Ikiwa ni kadi ya akaunti ya kawaida, fedha hizo zinaweza kukaa zimezuiwa siku kadhaa baada ya kuondoka, kwa hiyo usiende na salio la kubana. Mjulishe pia mtu wa benki yako kwamba unasafiri, maana muamala wa krone 9,000 kutoka nchi usiyowahi kuitumia kadi hiyo hukataliwa kirahisi sana, na saa tisa alasiri ya Denmark, wakati wa kuingia chumbani, tawi lako la Mombasa au Mwanza linakuwa limeshafunga au linakaribia kufunga.

Anayetoka Nairobi na akabaki na nusu siku, nyumba aliyozaliwa na kufia Karen Blixen, mwandishi aliyewahi kuwa na shamba la kahawa nje ya Nairobi, iko Rungsted, pwani kaskazini mwa mji, na treni inafika. Njiani, ukishuka Klampenborg, kuna ufukwe wa Bellevue na majengo meupe ambayo Jacobsen aliyachora katika miaka ya 1930, karibu robo karne kabla ya hoteli. Kuyatazama ni bure.