Mtungi wa shaba wa Jodhpur: walichora juu ya jina la mwenyewe

Hasira zangu si za bei. Bei nililipa kwa hiari, dukani, kule Sardar Market karibu na mnara wa saa wa Jodhpur, mwaka juzi au mwanzoni mwa mwaka jana, tulipompeleka shangazi kutibiwa Ahmedabad nikapata upenyo wa kupanda treni hadi Rajasthan. Nakusanya vyombo vya shaba tangu zamani: madele, mirashi, sinia za Unguja. Mtungi wa maji wa Kihindi uliochorwa kwa mkono nilikuwa nautafuta siku nyingi.

Na ulikuwa mzuri, Mungu shahidi. Tumboni Krishna, mungu wa Wahindu, na wale wasichana wachunga ng'ombe, shingoni tausi, mdomoni maua mekundu. Mwenye duka akatoa na kadi yenye muhuri: miaka 150, michoro ya asili.

Nyumbani Tanga nikaupangusa kwa kitambaa kibichi, bila hata sabuni. Kitambaa kikageuka buluu.

Hapo ndipo nilipoutazama sawasawa. Begani kuna kibonyeo cha kuingia kidole gumba, na rangi imeshuka mle ndani hadi chini bila ufa. Michoro ya zamani ingekatika pale shaba ilipobonyea. Hii ilipakwa baada ya mtungi kupata kipigo chake. Shingoni, inapofungwa kamba ya kisima, shaba imelika mpaka inateleza, lakini tausi aliyekaa juu yake hana mkwaruzo hata mmoja.

Nikapiga simu, akapokea kijana wa mwenye duka. Namweleza kwa adabu, akanikatiza: "Madam, wewe ni mteja au polisi?" Nikamwuliza kuhusu ile miaka 150. Sheria ya India ya mwaka 1972 hairuhusu mtu binafsi kutoa nje ya nchi kitu cha kale kama hiki kikishatimiza miaka 100. Basi ama kadi yao ni ya uongo, ama wameniuzia kitu kisichotakiwa kuvuka forodha, na aliyekibeba uwanja wa ndege ni mimi! Kijana akacheka. Watalii hawanunui shaba, akasema, wananunua rangi. Akakata simu. Kile kicheko kinanikera hadi leo.

Nikaapa mtungi utakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ila kitambaa kilikuwa kimeshafungua njia pale begani, na chini ya buluu nikaona vitone vilivyogongwa kimoja kimoja kwa ncha ya chuma, herufi za Kihindi. Jirani yangu, mama wa Kigujarati, akanisomea: jina la mwanamke, na mwaka 1989. Mwaka wenyewe ni wa Vikram Samvat, kalenda iliyotangulia hii yetu kwa miaka 57 hivi, kwa hiyo tunazungumzia 1932 au karibu yake. Akaniambia hata kwao vyombo vya harusi viliandikwa hivyo hivyo, ili vikichanganyika kwenye shughuli kila mtu ajue chake.

Kwa hiyo mtungi ni wa zamani kweli, ingawa si wa miaka 150, na hilo ndilo limeniuma kuliko uongo wenyewe. Walikuwa na chombo chenye jina la mwenyewe na mwaka wake, kitu ambacho mkusanyaji angekilipia zaidi, wakamfunika yule mama kwa tausi wa juzi. Wangeniletea mtungi mtupu, umepauka, na vile vitone vyake, ningelipa mara mbili bila kuomba punguzo.

Bega lote nimeshalitoa rangi. Tumbo bado sijaligusa, maana aliyechora ana mkono. Macho ya wale wasichana si kazi ya kulipua. Angeuza michoro yake kama mipya, kwenye chombo kipya, ningenunua na hiyo.

Ukifika Jodhpur, ipite mitungi iliyopangwa mlangoni. Uliza isiyopakwa rangi, ambayo mara nyingi hukaa nyuma na huuzwa kwa kupimwa uzito, upapase vibonyeo na shingo kabla hujataja bei. Mtungi wangu siuuzi, na mwingine kama huu ningeununua hata leo. Kwa yule kijana lakini, hata chai yake sinywi.