Audio-Technica AT-LP120XUSB kwa wenye sahani za kale za santuri

Marehemu babu yangu, aliyekuwa akiishi Kikwajuni, Unguja, alituachia kasha lenye sahani za santuri zipatazo arubaini. Nyingi ni zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika, zikiwemo za Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi kwa ajili ya kampuni ya sahani ya His Master's Voice. Nyingine chache ni sahani za plastiki za Umm Kulthum. Kwa miaka mingi kazi yetu ilikuwa kulifuta vumbi kasha hilo tu, kwa kuwa santuri yenyewe, ile ya kutia ufunguo kwa mkono, ilikwisha kukatika springi. Miezi minane iliyopita nilinunua mashine hii ya kupigia sahani, Audio-Technica AT-LP120XUSB, na ninaieleza hapa kwa ajili ya wenye makasha ya namna hiyo, ambao wapo wengi Unguja na Pemba.

Niliichagua kwa sababu ina mwendo wa 78 pamoja na ule wa 33 na wa 45. Mashine nyingi za bei nafuu, ikiwemo AT-LP60X ya kampuni hiyohiyo, zina miendo miwili tu, na mtu huja kuligundua jambo hilo akiwa ameshaifungua nyumbani.

Hata hivyo, mwendo peke yake hautoshi. Aliyeniuzia alinihakikishia kuwa sindano inayokuja na mashine inafaa kwa kila sahani, na nikamwamini. Nilipoweka sahani ya kwanza ya Siti nikasikia mchakacho mkubwa kama wa mafuta yanayokaanga samaki, naye Siti akiimba kwa mbali nyuma yake. Mfereji wa sahani ya 78 ni mpana zaidi kuliko wa sahani za plastiki zilizoanza kuuzwa mwaka 1948, kwa hiyo ncha nyembamba ya sindano ya kawaida huzama hadi chini, ikawa inakwaruza taka za miaka tisini badala ya kugusa kuta za mfereji, ambako ndiko sauti iliko. Nikaagiza sindano ya AT-VMN95SP, ambayo imetengenezwa makusudi kwa sahani hizi na ncha yake ni nene mara nne hivi. Unaichomoa ile na kuipachika hii kwa vidole, bila ya kugusa waya. Ila uzito wa sindano juu ya sahani lazima ubadilishwe kila mara: ile ya kawaida hukaa kwa gramu 2, hii kwa gramu 5, nami hupima kwa mizani ndogo ya sindano kuliko kutegemea namba zilizochorwa kwenye mkono wa mashine.

Niliirejesha sahani ileile. Mchakacho haukuisha, lakini ulirudi nyuma, na mbele yake ikaja fidla, kisha udi, kisha Siti mwenyewe, karibu kiasi cha kusikika akivuta pumzi kabla ya kuanza ubeti. Shangazi yangu, aliyekua akizisikia sahani hizo utotoni, alikuwa amekaa kwenye mkeka. Akasikiliza kidogo, akasema, "Mwanangu, teremsha. Siti hakuwa na sauti ya kitoto." Alikuwa na haki, kwani sahani za enzi hizo hazikurekodiwa zote kwa mizunguko 78 kamili. Mashine ina kitelezi cha kupunguza au kuongeza mwendo kwa asilimia 8, au 16 ukitaka. Nikakishusha taratibu hadi shangazi akatikisa kichwa kuridhia. Kwangu mimi, kitelezi hicho kina thamani kuliko mapambo yote mengine ya mashine hii.

Kwa sahani za Umm Kulthum sina la kulalamikia: sauti ni safi na mwendo umetulia.

Kasoro zipo. Mkono haujirudishi wenyewe, na kwa kuwa upande mmoja wa sahani ya 78 huchukua kiasi cha dakika tatu tu, huwezi kuinuka kwenda kupika chai. Kikuzasauti cha ndani nacho kimepangwa kwa kipimo cha kusawazisha sauti nene na nyembamba kilichokubalika miaka ya 1950, baada ya sahani za Siti, kwa hiyo sauti nyembamba hufifia na nene huzidi. Mimi huunganisha mashine na kompyuta kwa waya wa USB, nikarekodi kwa programu ya Audacity, nikasawazisha humo, kisha nikaunganisha njia mbili za sauti, ya kulia na ya kushoto, kuwa moja, jambo linalopunguza mchakacho kwa kiasi kikubwa.

Kabla ya kupiga, safisha, lakini usitumie spiriti hata tone. Sahani hizi zimetengenezwa kwa utomvu wa mdudu, na spiriti huuyeyusha. Maji yaliyochujwa na kitambaa laini vinatosha, na karatasi ya katikati isilowe. Wakati wa masika ukungu huingia hata kabatini, kwa hiyo nimezisimamisha wima, kila moja katika bahasha yake mpya ya karatasi.

Mpaka sasa nimeshanakili pande 52 za sahani za 78. Zilizobaki ni za sahani tatu zenye ufa, ambazo sijathubutu kuziwekea sindano.